Shajara ya mradi: draivu Z kwa Shangazi, Mji wa Kale

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Kazi imeanza leo. Siku zote huja studio kama mpwa: nala mahamri kwa mbaazi, nachomoa waya wa printa na kuuchomeka tena, naambiwa "Mungu akuweke, mwanangu", naondoka. Safari hii Shangazi ameniita kwa kazi ya malipo, na ameniita akiwa amekasirika.

Kisa ni albamu ya Jumamosi. Bibi harusi alichagua picha zake, akaomba ile ya mkono wenye hina iondolewe doa, akaomba na ami yake aliyefumba macho akatwe. Yote yakafanywa, ila yalifanywa kwenye nakala moja na albamu ikachapwa kutoka nakala nyingine. Ami katokea ukurasa wa kumi na nne, kifua mbele, macho kafumba. Shangazi amerudia albamu nzima kwa pesa zake.

Nimezitafuta nakala za harusi hiyo nikapata nne. Moja iko kwenye kompyuta ya mapokezi, moja kwenye laptopu ya dada anayepanga albamu, moja kwenye iMac ya kijana wa video huko juu, na ya nne kwenye flashi yenye utepe mwekundu ambayo hakuna anayekiri kuwa ni yake. Majina ya folda: "HARUSI", "HARUSI mpya", "HARUSI mpya mwisho" na "TUMIA HII". Iliyotakiwa kutumika ilikuwa "HARUSI mpya".

Mashine zenyewe hazifanani. Mapokezi ni Windows 10, ambayo Microsoft wameiacha mkono tangu tarehe 14 Oktoba. Laptopu ya albamu ni Windows 11 Pro. Juu ni iMac. Mimi natembea na laptopu ya Ubuntu, yaani Linux. Katikati hakuna chochote kinachowaunganisha isipokuwa rauta ya intaneti na miguu ya kijana wa video, anayepanda na kushuka zile ngazi za mbao na flashi mfukoni. Na flashi nazo zina mambo yao. Ikiwa imepangwa kwa mtindo wa FAT32, haipokei faili linalofika gigabaiti 4, na video ya harusi ni kubwa kuliko hivyo. Ikiwa ni NTFS, Mac inaisoma lakini haiandiki ndani yake. exFAT inakubalika kote, mpaka mtu aichomoe bila kuaga.

Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilitia nanga hapa hapa Mombasa, na tukaunganishwa na dunia. Miaka kumi na sita baadaye, picha inatoka chumba cha chini kwenda cha juu ikiwa mfukoni mwa suruali.

Tulilopatana: kila faili liwe na kwao mahali pamoja tu, na kila mashine iende kulikuta huko. Ile kompyuta kuukuu iliyokuwa imefunikwa kanga kule stoo ndiyo itakuwa seva, yaani mashine ya kuwatunzia wengine mafaili. Nitaitia diski mpya mbili za terabaiti 4.

Jumanne, 4 Novemba

Siku nzima imekwenda kwa waya.

Nilitaka nitumie waifai, uvivu tu. Nikaweka rauta mapokezi, nikapanda juu na laptopu. Nilipofika kidato cha mwisho ishara ilibaki kijistari kimoja, nilipoingia chumba cha video ikakatika. Nyumba hii ni ya kale: kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wa dhiraa nzima. Waliojenga walitaka joto lisipite, na waifai nayo haipiti.

Kutoboa nje haiwezekani, Mji wa Kale ni eneo la hifadhi na kila mtu jirani ni askari. Basi nikatafuta njia za zamani. Juu ya stoo, baina ya boriti mbili za mkoko, kuna tundu alilopitisha fundi wa stima miaka hiyo, na mle ndani mna waya uliokufa. Nikafunga kamba kwenye ule waya, kijana akavuta kutoka juu, kamba ikapita, na kebo yetu ikafuata. Vumbi la chokaa lilinishukia mpaka Shangazi akaniambia nimekuwa kama mandazi ya sukari.

Halafu kubana vichwa vya kebo, kila waya kwa mpangilio wa rangi yake. Nyeupe-machungwa, machungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Huwa naisoma kwa sauti kama mtoto wa chuo anavyosoma alifu kwa kijiti. Nikabana, taa ikawaka, nikajaribu kupeleka faili: megabaiti 11 kwa sekunde. Si mbaya kwa macho, lakini si sawa. Switchi, kile kisanduku cha kuunganishia kebo zote, ni ya gigabiti (megabiti 1000), na nambari ya 11 ina maana moja tu: mashine mbili zimeshindwana zikakubaliana kushuka hadi megabiti 100, na biti nane ni baiti moja.

Kasi ya megabiti 100 hutumia nyaya nne, jozi ya machungwa na jozi ya kijani. Gigabiti hutaka zote nane. Kwa hiyo kebo yenye waya mmoja uliokatika nje ya zile nne haifi. Inachechemea, taa inawaka, kila mtu anafurahi, na mwaka mzima unalaumu kompyuta. Nikakata kichwa cha juu, nikakishika karibu na dirisha: waya wa kahawia haukufika mwisho wa kichwa, umeishia njiani kama nusu ya punje ya mchele. Nikabana upya.

Megabaiti 110.

Harusi moja kwa hapa ni kama gigabaiti 180 pamoja na video. Kwa ile kasi ya kwanza ni saa nne na nusu, kwa hii haifiki nusu saa. Na kamera ya kijana inarekodi 4K kwa megabiti 100 kila sekunde, yaani megabaiti 12 na nusu. Kebo chechemezi isingeweza kumwonyesha hata video moja bila kukwama.

Nilipochomoa kichwa cha zamani kilichokuwa kwenye rauta, vile vimeno vya shaba vilikuwa vimeota kijani. Ufuo ni hatua chache kutoka hapa na chumvi haibishi hodi. Nimevitupa vyote, nimeweka vipya.

Jumatano, 5 Novemba

Ubuntu Server 24.04 imekaa kwenye kompyuta ya stoo, diski zimetambulika, Samba imewekwa.

Shangazi alichungulia: "Unaandika nini hapo, shamba?"

"Samba, Shangazi."

"Jina gani hilo?"

Nikamweleza. Windows huzungumza mtandaoni kwa itifaki inayoitwa SMB. Andrew Tridgell, Mwaustralia, mwanzoni mwa miaka ya 1990 alitaka mashine yake ya Unix iongee lugha hiyo, akasikiliza maneno yanayopita kwenye waya mpaka akaandika programu ya kuyajibu. Jina la kwanza likawa na mwenyewe, ndipo akaichambua kamusi kwa kompyuta akitafuta maneno yenye herufi s, m na b kwa mpangilio huo. Samba likawa mojawapo. Shangazi akasema kwa hivyo ni mtu aliyesimama dirishani akisikiliza mazungumzo ya watu. Ndivyo, karibu.

Nimefungua folda tatu za kushirikiana: kazi, hesabu na skani. Nimeunda watumiaji wanne, kila mmoja na jina lake na nenosiri lake, wote kwenye kundi moja liitwalo studio. Hapa watu wengi hukosea kwa kutaka wepesi: wanafungua folda kwa kila mtu, bila nenosiri, "si tuko ndani kwetu". Ndani kwetu ndimo alimo mteja anayesubiri picha ya pasipoti akiwa na nenosiri la waifai alilopewa na dada wa mapokezi.

Sehemu iliyonisumbua ni umiliki. Faili alilotengeneza kijana wa video, dada wa albamu alilisoma lakini hakuweza kuliandika. Linux hulipa faili mwenyewe na kundi, na usiposema kitu, kundi huwa ni la mwenye faili. Mistari hii minne ikamaliza ugomvi:

```
valid users = @studio
force group = studio
create mask = 0664
force directory mode = 2775
```

Ile 2 ya mwanzo kwenye 2775 ndiyo siri: folda mpya inarithi kundi la folda mama. Kisha `testparm` kuhakikisha sikukosea herufi, `smbpasswd -a` kumwekea kila mtumiaji nenosiri, na kwenye ukuta wa moto unaolinda seva nimefungua mlango wa 445, ule wa SMB, kwa anwani za ndani tu.

Kwenye rauta nimeifungia seva anwani yake isibadilike: 192.168.1.10. Seva inayohamahama ni kama duka la kahawa la mkokoteni, wateja wote wataiulizia.

Alhamisi, 6 Novemba

Windows.

Nilianza na laptopu ya albamu. Nikafungua kwa jina langu kwanza ili nijaribu, ikafunguka. Nikataka sasa niifunge draivu kwa jina la dada, yaani niiunganishe folda ya seva ionekane kama diski ya laptopu yake, Windows ikanirudishia kosa nambari 1219. Maana yake: huwezi kuingia kwenye seva moja kwa majina mawili kwa wakati mmoja. Hata ukifunga dirisha, bado inakukumbuka. Dawa ni `net use * /delete` kisha kuanza upya. Watu wengine huzunguka kwa kutumia jina la seva mara moja na anwani ya IP mara nyingine, maana Windows huziona kama seva mbili. Inafanya kazi, lakini ni ujanja wa kukopa kwa duka moja kwa majina mawili.

Kisha:

```
cmdkey /add:192.168.1.10 /user:albamu /pass
net use Z: \\192.168.1.10\kazi /persistent:yes
```

Amri ya kwanza inaweka nenosiri kwenye hazina ya Windows, ya pili inafunga draivu na kuiambia irudi kila kompyuta ikiwashwa. Z nimeichagua kwa sababu flashi na kadi za kamera hunyakua herufi kuanzia E kwenda mbele, na hapa siku ya harusi huchomekwa kadi tatu pamoja. Huko mwisho wa alfabeti hakuna msongamano.

Z ikatokea, dada akafurahi. Akafungua programu yake ya kupanga albamu, akatafuta Z: haipo. Kwenye dirisha la mafaili ipo, kwenye programu haipo. Nilikaa nayo karibu saa nzima, hadi adhana ya adhuhuri, nikitazama mipangilio ya Samba ambayo haikuwa na kosa. Kumbe fundi aliyeweka programu ile aliitia alama ya kufunguka kama msimamizi kila mara, na kwa Windows msimamizi ni mtu mwingine kabisa, hata kama ni wewe huyo huyo. Draivu aliyofunga dada, msimamizi haioni. Kuna njia ya kuwaunganisha kupitia rejista, lakini programu ya kupanga picha haina haja ya mamlaka hayo. Nimeitoa alama. Z ikaonekana.

Windows 11 Pro, tangu toleo la 24H2, inakataa pia kuingia kama mgeni bila nenosiri. Ningekuwa nimefuata ule wepesi wa jana, leo ningekuwa nalia.

Mapokezi, Windows 10, ilikwenda kama maji. Lakini Shangazi anataka kubofya "Network" aione seva pale, si kuandika mikwaju na nambari. Zamani seva zilijitangaza kwa njia ya SMB1, toleo la kwanza la SMB, na njia hiyo imezimwa. Nimeweka huduma ndogo iitwayo wsdd kwenye seva, sasa inajitangaza kwa njia ya kisasa. Ikatokea kwa jina STOO. "Ndiyo hiyo kompyuta iliyofunikwa kanga yangu?" Ndiyo hiyo.

Ijumaa, 7 Novemba

Nusu siku, Ijumaa. Mac tu.

Kuunganisha kwenyewe ni dakika moja: Finder, Command na K, `smb://192.168.1.10/kazi`, jina, nenosiri, weka nenosiri kwenye mnyororo wa funguo, hazina ya manenosiri ya Mac. Apple walikuwa na itifaki yao wenyewe, AFP, lakini tangu toleo la Mavericks la 2013 SMB ndiyo inayotangulia. Ili irudi kila asubuhi, nimeiburuta ile draivu kwenye orodha ya vitu vya kufunguka mtu anapoingia.

Shida ya Mac ni tabia zake. Kila inapoingia folda inaacha faili dogo la `.DS_Store` kama mtu anayeacha maganda ya njugu kila anapokaa. Nimeizuia isifanye hivyo mtandaoni kwa amri moja ya `defaults write`. Upande wa Samba nimeongeza moduli za `catia fruit streams_xattr` ili yale maelezo ya pembeni ya Mac yakae mahali pake badala ya kuzaa mafaili yenye majina yanayoanza na nukta na mstari.

Kisha majina. Kijana huandika tarehe kwa mkwaju: "Nikahi 2/11". Mac inakubali. Nikashuka chini kutazama kwenye Windows: palipokuwa na mkwaju pana kisanduku kitupu. Nilimwonyesha. Akauliza, "Kwani kaka, mkwaju una makosa gani?" Nikamwambia kwa wengine mkwaju ni mlango baina ya folda na folda, huwezi kuutia katikati ya jina. Kuna alama tisa ambazo Windows haizitaki: `\ / : * ? " < > |`. Tumekubaliana tarehe ziandikwe 2025-11-02, mwaka mbele, na faida yake ya pili ni kwamba folda zinajipanga zenyewe. Nimebandika karatasi juu ya iMac.

Nikaondoka kuwahi msikiti.

Jumatatu, 10 Novemba

Jumamosi usiku mvua ya vuli ilinyesha, stima ikapotea, ikarudi alfajiri. Asubuhi hii Shangazi amenipigia kabla sijamaliza chai: Z ina alama nyekundu ya msalaba.

Kompyuta zote za juu na chini ziliwashwa na watu. Seva hakuna aliyeiwasha, iko stoo, nani aikumbuke? Nimeingia kwenye BIOS yake, mipangilio ya msingi ya kuwashia, nikaiagiza iwake yenyewe stima ikirudi, na nimeomba UPS ndogo, betri ya akiba stima ikipotea, inunuliwe. Shangazi amekubali baada ya kuuliza bei mara tatu, kila mara kwa sauti tofauti.

Kosa jingine ni langu mwenyewe. Kwenye Ubuntu yangu nilikuwa nimeandika folda ile katika `/etc/fstab`, ili ifunguke laptopu inapowaka. Jumamosi nikiwa nyumbani Kisauni, laptopu ikagoma kumaliza kuwaka, inamsubiri mwenyeji aliye ng'ambo ya daraja la Nyali. Ilihitaji maneno mawili tu, `nofail` na `x-systemd.automount`: la kwanza linasema ukimkosa endelea, la pili linasema usimtafute mpaka uitwe. Najua maneno hayo miaka mingi. Sikuyaandika.

Nikiwa hapo hapo kwenye faili la Samba nimeongeza pipa la taka. Faili likifutwa kupitia mtandao haliendi kwenye lile pipa la Windows, linakwenda moja kwa moja kaburini. Moduli ya `recycle` inalikamata njiani:

```
vfs objects = catia fruit streams_xattr recycle
recycle:repository = .taka/%U
recycle:keeptree = yes
recycle:versions = yes
```

Haikuwa kwenye mpango. Nilikuwa nasubiri mtu wa UPS alete bei.

Jumatano, 12 Novemba

Saa tano asubuhi simu. Si salamu, si nini.

"Mwanangu, uko wapi? Njoo. Harusi ya Jumamosi haiko."

Nilikuwa Mwembe Tayari, nikapanda tuktuk. Nilipofika kijana wa video ameketi kwenye kidato cha chini, mikono kichwani. Juu, mstari wake wote wa kuhariri umegeuka mwekundu, kila kipande kinadai faili halipatikani. Dada wa albamu hasemi. Shangazi anapepea uso kwa bahasha ya picha.

Nikauliza taratibu nini kimetokea. Shangazi akasimulia mwenyewe, hakuficha. Kompyuta yake ilimwonya kwamba nafasi imekwisha. Akafungua, akaona C ina mstari mwekundu, na Z chini yake ina gigabaiti chungu nzima. Akakumbuka maneno yangu: kila kitu sasa kiko kwenye seva. "Nikasema, ikiwa kiko kwa seva, hichi kilichoko kwangu ni cha nini? Nikakifuta." Windows ilimuuliza kama ana hakika, kwamba hakitarudi. Alikuwa na hakika.

Nimesimama pale nikatambua kwamba hoja yake ilikuwa sahihi kabisa. Nilimwambia vitu viko seva, kisha nikamwekea seva ndani ya kompyuta yake, chini ya C, kwa picha ile ile ya diski, kwa herufi ile ile kama za diski nyingine. Wiki nzima nilijisifu kwamba Z inafanana na diski ya kawaida hata mtu hatambui tofauti. Naam, hakutambua.

Nikaketi kwenye seva. Ndani ya `.taka/mapokezi` folda ilikuwepo nzima, na vijifolda vyake vyote kwa mpangilio. Amri moja ya `mv`, na gigabaiti 180 zikarudi kabla sijatoa kidole, maana kuhamisha ndani ya diski moja ni kubadilisha anwani tu, hakuna kinachobebwa. Kijana akapanda ngazi mbili mbili. Kutoka juu tukasikia, "Zimerudi! Kaka, zimerudi!"

Shangazi hakusema kitu mpaka kahawa ilipoletwa. Kisha: "Kumbe mimi nimeingia stoo kwa mlango wa chumbani kwangu, nikadhani ni kabati langu."

Sijapata maelezo bora ya draivu ya mtandao, na nimesoma mengi.

Ikabaki jambo zito. Dawa ya kweli ni kumwondolea mapokezi ruhusa ya kuandika kwenye folda ya kazi: asome, achape, asifute. Kwa Samba ni mstari mmoja, `read list = mapokezi`. Lakini mapokezi ni yeye, na studio ni yake. Utamwambiaje Shangazi yako kwamba humwamini na mali yake? Nilizunguka maneno, nikataja usalama, nikataja kanuni za kazi. Akanikata:

"Ninyime. Nikitaka kufuta nitamtuma mtu."

Nimemnyima. Nimemfungulia folda ndogo ya kwake, jina lake "kwa-wateja", humo ataweka apendavyo. Na Z kwenye kompyuta yake nimeibadilisha jina, sasa inasomeka STOO YA WOTE.

Jioni nikapanga nakala rudufu, jambo nililokuwa nimeliahirisha hadi wiki ijayo. Diski ya pili inanakili ya kwanza kila usiku saa nane. Ya tatu, ya kubebeka, inakwenda nyumbani kwa Shangazi, mtaa wa Tudor, kila Alhamisi ndani ya mkoba. Moto ukizuka au mwizi akiingia, diski mbili ndani ya sanduku moja ni diski moja.

Ijumaa, 14 Novemba

Mashine ya fotokopi. Ni kubwa kama friji, ilinunuliwa mtumba, inaskani vizuri sana na inajua kupeleka skani kwenye folda ya mtandao. Ila inajua kwa SMB1 peke yake.

Ningeweza kuifungulia. Mstari mmoja kwenye Samba, na mashine itaongea. Sikutaka. SMB1 ya Windows ndiyo njia aliyopita mdudu wa WannaCry mwezi Mei 2017, akafunga mafaili ya hospitali Uingereza na mashirika duniani kote akidai fidia. Tangu mwaka huo Windows mpya huja nayo ikiwa imezimwa. Seva yangu ni Linux, mdudu yule hakuwa wake, lakini kurudisha lugha ile ndani ya nyumba kwa ajili ya fotokopi moja naona ni kumwachia paka mlango wazi ili apite, na kusahau kwamba anayepita usiku si paka peke yake.

Nimeitumia FTP badala yake, njia ya kale ya kupeleka mafaili. Najua, FTP hupeleka nenosiri wazi wazi. Ndiyo maana jina lile linaingia folda ya skani tu, kutoka anwani ya fotokopi tu, na haliwezi kusoma kilichomo, linaweza kutupa ndani na kuondoka. Samba inaichukua folda ile ile na kuwaonyesha wengine kama S. Si kitu cha kujivunia mbele ya mafundi, lakini karatasi ya kwanza, cheti cha ndoa cha mteja mmoja, imetokea kwenye Windows, Mac na Ubuntu kwa wakati mmoja.

Jumatatu, 17 Novemba

Nimekuja kukagua tu. Harusi mbili za wikendi zimeingia Z moja kwa moja kutoka kwenye kadi. Dada alipanga albamu huku kijana akihariri, folda moja. Flashi yenye utepe mwekundu imefungiwa droo ya pesa na bado haina mwenyewe.

Kijana amelalamika kwamba magoti yake yalizoea ngazi.

Limebaki moja. Skani zote za fotokopi zinaingia zikiwa na tarehe ya Januari 2006 kwenye majina yao, kwa hiyo kwenye draivu S zinajificha chini kabisa ya orodha na dada wa mapokezi anadhani hazikufika, anaskani tena, na tena. Cheti kile cha ndoa kiko mara tano. Betri ya saa ya mashine imekufa. Nimeifungua ubavuni, ni ile ya duara kama senti, nami sikuja nayo. Kesho nitapitia Marikiti nichukue mbili.